KUFUNGA NDOO SI UCHURO



Katika mkutano mkuu uliopita tulitoa hoja moja ndogo: kila kaya iwe na ndoo ya dharura, imefungwa, kabla masika hayajaanza. Watu walicheka. Ndugu mmoja alisimama akasema Katibu anatufungisha mizigo kama wakimbizi na mto haujajaa. Mwingine akasema huo ni uchuro, eti anayejiandaa kwa mafuriko anayaita. Hoja ikalala. Leo tunaiamsha hapa ukutani, maana ukuta hauwezi kuzomewa ukakaa chini.

Tuanze na huo uchuro. Bibi zetu wengi wana sanda sandukuni, imekunjwa, ina miaka kumi humo. Nani amewahi kumwambia bibi yake kwamba anajichuria? Tunasema huyo ni mtu mzima mwenye akili, hataki kuhangaisha watu siku yake ikifika. Basi kama sanda ya maiti inaruhusiwa kukaa tayari, mbona dumu la maji ya mtoto linakuwa uchuro?

Wapo wanaosema tatizo ni bwawa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mafuriko makubwa ya Rufiji ya 1968 na ya 1974, nayo yaliletwa na bwawa gani? Baada ya yale ya 1968 Serikali iliwahamishia watu wengi wa bondeni kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa. Lakini jembe letu limebaki bondeni, kwa sababu udongo wa mlau unaletwa na mto huo huo. Wazee walilala kwenye madungu na mtumbwi umefungwa chini. Sisi tunalala chini na mtumbwi tunaazima. Mambo ya bwawa yazungumzwe kwenye vikao vyake, hatuzuii mtu kuuliza. Ila maji yakifika mlangoni hayangoji muhtasari wa kikao.

Kundi la tatu ni la wale wanaosema Serikali italeta. Wajibu wa Serikali upo na hatuufuti. Lakini kumbukeni Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita: barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Lori la unga halina mbawa. Na kabla ya hapo, tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alishaliambia Bunge kwamba watu 155 nchini wamekufa kwa mvua na mafuriko ya msimu ule. Siku za mwanzo mtu anaishi kwa alichotoka nacho nyumbani.

Sasa tulitoka na nini sisi masika ya 2024? Tuseme kweli. Mmoja alitoka na godoro, likanywa maji njiani akalitupa. Mmoja alibeba kabati la vyombo, akasahau dawa za presha za mama yake. Walipokuja waandishi wa misaada, mwenye kitambulisho aliandikwa asubuhi, asiye nacho alienda na kurudi kutafuta mashahidi. Sisi tulioshika kalamu ukubwani, kwenye darasa la kisomo, tunaujua uchungu wa karatasi. Ukiipoteza unarudi kuwa mtu wa kuomba wengine wakusemee.

Tunasema NDOO kwa sababu begi linalowa. Ile ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kigumu, hata iliyokuwa ya rangi ukiisugua vizuri, inaelea. Ndani, kwenye mifuko ya nailoni iliyofungwa: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kadi ya benki, stakabadhi za ufuta na korosho, na namba za simu zimeandikwa kwenye karatasi, kwa maana simu ikizima hukumbuki hata namba ya ndugu yako. Dawa za wenye presha, sukari, kifua kikuu au VVU, zisipungue za siku saba. Hizo usiseme nitachukua baadaye. Kiberiti, tochi, wembe mpya, sabuni, vitambaa vya akina mama, chandarua kimoja, kanga mbili. Chakula kisichohitaji mapishi marefu: karanga, makopa, dagaa wakavu, chumvi, sukari. Kila mwisho wa mwezi pikeni hicho, wekeni kingine. Dona likikaa linachacha.

Maji ni mazito. Kaya ya watu sita kwa siku tatu, hata kwa lita tatu za kunywa kila mtu kwa siku, ni lita 54, na hakuna atakayezibeba. Beba dumu la lita 10 na vidonge vya kutibu maji. Tumbo likimwendesha mtoto na dawa ya chumvichumvi hakuna: lita moja ya maji yaliyochemka, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe flati. Chumvi isizidi.

Tuje kwenye mifugo, ambayo ndiyo iliyotaka kutuua. Usiku ule vijana wawili walirudi na mtumbwi kufungua mbuzi. Mtumbwi ukapinduka. Tuliwakuta alfajiri juu ya mwembe, wameshikana, hawawezi hata kusema. Mbuzi wote walikufa shingo ikiwa kwenye kamba. Wawili kati ya mbuzi hao walikuwa wetu sisi tunaoandika haya, na tulikuwa tumesikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni siku mbili kabla. Tulisema ngoja tuone.

Kwa hiyo mbuzi wapande mwinukoni siku ya tahadhari, wawe wa KWANZA. Wanaobaki wafungwe fundo la kuvuta mara moja. Tenga la kuku liwe zima. Paka atiwe kwenye kapu lenye kifuniko, habembelezwi mtumbwini. Na mbwa, mcheke tena, ndiye anayetulindia mahindi na nguruwe na ngedere. Mara hii asiachwe kwenye mnyororo. Kadi yake ya chanjo ya kichaa iwe ndooni, kwa sababu mbwa wenye njaa waliuma watu kule kambini na hatukujua nani amechanjwa.

Jumamosi ijayo kuanzia saa 10 alasiri tutapita nyumba kwa nyumba na mabalozi, kuanzia shina la kwanza. Ya Katibu itafunguliwa kwanza mbele ya ghala, kila mtu aikague. Asiye na uwezo wa kununua ndoo aje ofisini kabla ya Ijumaa. Zipo 14 zilizobaki za dawa ya korosho, lakini hizo ni za karatasi na kamba TU, chakula na dawa visiguse.

Katibu