Meno ya Mtoto Hayangoji Uhamisho

Katika jeshi la Marekani wamo vijana wa Kenya, Tanzania, Kongo na majirani zao, na kama askari wengine hupelekwa kukaa Kaiserslautern (Ujerumani), Vicenza (Italia), Okinawa (Japani) au Camp Humphreys (Korea) pamoja na wake, waume na watoto. Huko habari za matibabu hupita mdomo kwa mdomo, kutoka familia iliyotangulia hadi iliyofika jana. Nyingi husaidia. Zinazohusu meno, kwa bahati mbaya, ndizo zenye makosa mengi kuliko zote, na anayezilipia ni mtoto anayekesha analia huku shavu limevimba. Kwa ajili yake nazijibu hapa.

"Askari anatibiwa bure, basi na familia yake inatibiwa bure." Kwa homa na uzazi, dai hili halitofautiani sana na ukweli. Kwa meno ni uongo. Sheria ya mwaka 1956 iliyoweka msingi wa matibabu ya familia za wanajeshi wa Marekani iliyaacha meno nje kwa sehemu kubwa, na bima ya meno ya familia ilikuja baadaye sana, mwaka 1987. Tangu 2001 inaitwa TRICARE Dental Program. Ni ya hiari: mtu hujiandikisha, na mchango hukatwa kila mwezi. Ukiingia, umejifunga kwa miezi 12. Ukiacha kulipa, unafungiwa nje miezi 12. Askari mwenyewe hana haja nayo kwa kuwa jeshi linamtibu moja kwa moja, na hapo ndipo nyumba nyingi hudanganyika. Baba anarudi kazini meno yamesafishwa, mama anadhani zamu yake na ya watoto itafuata. Haitafuata mpaka fomu ijazwe.

"Kliniki ya kambi ipo, wajibu wao kutupokea." Huenda wakakupokea. Kliniki za jeshi zilizo ng'ambo huona familia, tena kwa upana zaidi kuliko zile za ndani ya Marekani, lakini kwa nafasi inayobaki baada ya askari. Kila askari huwekwa katika daraja kati ya 1 na 4. Wa daraja la 3 ana tatizo linaloweza kugeuka dharura ndani ya miezi 12. Wa daraja la 4 amepitisha muda wa kukaguliwa. Hawa hawahesabiwi kuwa tayari kwenda vitani, kwa hiyo kikosi kikikaribia kuondoka, viti vyote vya kliniki huwa vyao. Sioni kosa hapo. Askari mwenye jipu la jino katikati ya jangwa ni hatari kwake na kwa wenzake. Ila mzazi asipange matibabu ya mwaka mzima ya mtoto wake kwa kutegemea kiti kitakachobaki wazi.

Sasa dai linalonikera kuliko yote: "Tuvumilie, tutatibiwa tukirudi Marekani."

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazotajwa kwanza. Chini ya mkataba wa bima ulioanza tarehe 1 Mei 2017, familia iliyojiandikisha na kupewa kibali cha kamandi cha kuandamana na askari wake ng'ambo hailipi kitu kwa ukaguzi, kusafisha, kuziba, kutibu mzizi, kutibu ufizi wala kung'oa. Familia hiyohiyo ikirudi Marekani, hulipa asilimia 20 ya gharama ya kuziba jino. Kutibu mzizi ni asilimia 30 kwa askari wa vyeo vya chini, E-1 hadi E-4, na asilimia 40 kwa wengine. Kikomo cha bima ni dola 1,500 kwa kila mtu kwa mwaka, na ukaguzi na usafishaji haviguswi na kikomo hicho. Maana yake ni kwamba anayengoja kurudi anaikimbia huduma aliyokwisha kuilipia, ili akainunue upya kwa bei ya juu.

Kisha kuna mtoto. Wanaongoja hujitetea kuwa meno ya maziwa yatang'oka tu. Ya mbele, ndiyo, hung'oka mapema. Magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12, na ndiyo yanayolinda nafasi ya yatakayofuata. Familia ikipangiwa Ujerumani au Japani kwa kawaida hukaa miaka 3. Mtoto aliyefika ana miaka 5 na tundu dogo ataondoka ana miaka 8, na katika muda huo tundu linaweza kufika kwenye mshipa wa jino, likaleta usaha, likamtoa darasani. Ushauri wa madaktari ni kwamba mtoto aonwe mara jino la kwanza linapoota, au asipitishe mwaka 1. Hakuna kifungu kinachosema isipokuwa wazazi wake wakiwa ng'ambo.

Maji nayo yana lake. Miji mingi ya Marekani huongeza floridi katika maji ya bomba kwa ajili ya meno. Ujerumani haifanyi hivyo, bali dukani huuzwa chumvi yenye floridi. Familia iliyohama haiwezi kudhani kwamba kinga iliyokuwa inatiririka bombani imehama nayo. Muulize daktari kabla ya kununua dawa yoyote ya floridi, maana ikizidi nayo hudhuru meno yanayoota.

"Mke ni mke, akishafika bima inamtambua." Hili huwaumiza watu wetu hasa. Kijana yuko Ujerumani, anakwenda kuoa Mombasa au Arusha, kisha anamleta mkewe kwa tiketi yake mwenyewe. Ndoa ni halali, lakini jeshi halimjui huyo mke mpaka aandikwe kwenye daftari la DEERS kwa cheti cha ndoa, na bila DEERS hakuna bima. Akishaandikwa bado kuna kile kibali cha kamandi. Asiye nacho anaweza kuwa na bima, lakini atachangia gharama kwa viwango vilevile vya Marekani, akiwa Ulaya. Kibali huombwa, na askari hutakiwa awe na muda wa kutosha uliobaki kituoni. Ndugu yangu, kiombe mapema, kabla hata ya kukata tiketi.

"Madaktari wa nje si wa kuaminika." Wa Ujerumani, Italia, Japani na Korea wamesoma kama wa Marekani. Shida halisi ni lugha na malipo. Mtafute aliye kwenye orodha ya madaktari wanaopendekezwa na bima ng'ambo: huyo hukudai sehemu yako tu, iliyobaki anaidai bima mwenyewe. Asiyekuwa humo anaweza kutaka umlipe zote papo hapo, kisha wewe ufukuzane na risiti.

Limebaki la nyaya za kupanga meno. "Anza tu, bima italipa." Bima hulipa nusu, na kwa maisha yote ya mtu haivuki dola 1,750. Ng'ambo kuna sharti jingine: kabla ya kuanza lazima upate fomu ya rufaa kutoka kliniki ya meno ya jeshi. Isitoshe, nyaya hukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Askari akihamishwa katikati, daktari mpya ataanza hesabu yake, na kile kikomo hakiongezeki. Kama uhamisho uko karibu, ningengoja. Hapa pekee ndipo kungoja kuna akili, kwa kuwa meno yaliyopindana hayaozi kwa sababu ya kupindana.

Mengine hayangoji. Kama uko kwenye moja ya kambi hizo, hakikisha leo kwamba kila jina la nyumbani kwako limo DEERS na limo kwenye bima ya meno. Kisha mpigie daktari simu umwombee nafasi mtoto ambaye hajaonwa mwaka huu.