Bustani Juu ya Majitaka

Wapo wasanifu wa miji wasiochoka kuusifu mtambo wa majitaka wa North River, ulioko Harlem, mjini New York. Tazameni, husema, juu ya paa lake ipo bustani ya ekari 28, yenye bwawa la kuogelea, njia ya wakimbiaji, hata uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Uchafu chini, watoto juu! Nani tena atalalamika?

Waliolalamika ni wenyeji, nami nasimama upande wao.

Mtambo huo ulianza kazi mwaka 1986, kando ya mto Hudson, baada ya mpango wa kwanza wa kuujenga kusini zaidi kuachwa. Bustani ilifunguliwa mwaka 1993. Hesabu mwenyewe, msomaji: miaka saba ya kunusa uvundo kabla ya kupewa nyasi za kukalia. Mwaka 1988 watu walizuia magari barabarani, wakakamatwa. Mwaka huohuo wakaunda chama chao, West Harlem Environmental Action, kilichoishtaki serikali ya jiji. Mapatano yakawapa dola milioni 1.1 na, lililo kubwa zaidi, haki ya kusimamia kazi ya dola milioni 55 ya kuurekebisha mtambo.

Sisemi bustani ni mbaya. Watu wanaipenda, na wana haki ya kuipenda. Ninachokataa ni kuigeuza kuwa kifuta machozi, kisha kuiita usanifu unaojali jamii. Anayejali jamii huanza na harufu, na huwaita majirani kabla mahali pa kujenga hapajachaguliwa, si siku ya kuchagua rangi ya mabembea. Kwangu mimi, ile haki ya usimamizi ni kubwa kuliko ekari zote 28.

Niliwahi kuketi katika mkutano wa mtaa, huku kwetu pwani, tukionyeshwa michoro ya mabwawa mapya ya majitaka. Miti ilichorwa vizuri ajabu, na chini yake mabenchi. Bibi mmoja akainua mkono: “Mwanangu, wakati wa kusi harufu hii itaelekea wapi?”

Kijana wa michoro alipekua karatasi zake, mbele na nyuma. Kisha akaendelea kutueleza habari za mabenchi.