Kufuli la Geti Halizuii Mafua

Homa ikishika kasi tu, kauli ni ile ile, barazani, sokoni, hata kwenye boti ya Nyamisati: "Wafunge shule, watoto wakae majumbani wawe salama." Msemaji huonekana mwenye huruma. Mimi namuuliza: mtoto wa kisiwa hiki cha Mafia ulimwona lini amekaa nyumbani mchana kutwa?

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wadogo zao wakangoja mpaka Juni 29. Katikati ya miezi hiyo nilipita pwani ya Kilindoni asubuhi moja, mashua zinaingia. Watoto walikuwa tele. Wawili wamebeba tenga moja, vichwa vinagusana. Wengine wamebanana wakipara samaki. Penye ndoo ya maji ya kunywa palikuwa na kikombe kimoja cha plastiki, mkono wake umekatika, kinatoka mdomo huu kinaingia ule mpaka ndoo ikakauka. Siku hizo zilikuwa za bamvua, kwa hiyo maji yalipokupwa nusu yao wakashuka mwambani kutafuta pweza. Jioni chandimu. Usiku wanne kitanda kimoja, na wa nne ni bibi yao. Hiyo ndiyo karantini tuliyokuwa nayo, na aliyekuwa hatarini kuliko wote humo kitandani ni bibi.

Simlaumu aliyefunga Machi ile. Kirusi kilikuwa kigeni, na wiki chache za kujipanga zilikuwa na maana. Ninachogombana nacho ni imani iliyobaki, kwamba kufunga ndiyo kinga yenyewe, na aliyekwisha kufunga kamaliza kazi. Jirani zetu Uganda walianza kufunga Machi hiyo hiyo, na shule zao hazikufunguliwa zote mpaka Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili! Corona iliwafikia vile vile, na wapo wasichana waliorudi darasani wakiwa mama, na ambao hawakurudi kabisa. Burundi, mwaka 2020, waliendelea kusoma.

Tunachanganya jengo na hewa. Mafua, surua na corona husafiri kwa pumzi. Chumba kikiwa kimefungwa pumzi hukaa humo humo, nje upepo huitawanya. Kisiwa chetu hakijawahi kukosa upepo, kusi ikitoka kaskazi inaingia, na bado utaona darasa madirisha yamefungwa kwa sababu ya manyunyu, dawati la watatu wamekaa watano. Kuna mkorosho hapo uani. Kusoma chini ya mkorosho tumekufanya alama ya umaskini, kumbe wakati wa homa ndilo darasa bora kuliko yote shuleni.

Na michezo? Hapo ndipo tunapochekesha. Homa ikija, cha kwanza kuzuiwa ni mpira, watoto ishirini na wawili uwanjani, juani, upepo unavuma. Lakini timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, inapopakiwa kwenye gari moja na kulazwa magodoro yakigusana katika darasa moja, hakuna anayeshtuka. Kiwanja hakina kosa hapo. Waende watoto wachache kwa gari, walale kwa nafasi, anayekohoa abaki, mpira uchezwe.

Macho mekundu ni habari nyingine. Yalipotanda Dar es Salaam na mikoa mingine Januari 2024, hayakuhitaji pumzi. Yalikwenda kwa mikono, taulo na leso za kuazimana. Dawa ya hapo ni kibuyu chirizi: kidumu, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni. Watoto wenyewe wanaweza kukitengeneza. Ila kidumu kinataka maji, na kisiwa kidogo cha Jibondo kwa miaka mingi maji baridi yalingojwa kutoka mawinguni au kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Kumwandikia mwalimu wa mahali pasipo na maji barua ya kumtaka awanawishe watoto mikono bila kumpa tangi ni kumkejeli.

Jambo linalonikera zaidi ni hili. Shule ndiyo mahali pekee kisiwani ambapo kila asubuhi mtu mzima huwaita watoto wote kwa majina. Darasa la nne wakikosekana saba siku moja, mwalimu anajua kabla ya zahanati. Hakuna kipimo rahisi kama hicho. Funga shule, umekitupa. Chanjo pia hupita humo humo. Ile ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, iliwafuata madarasani kwao. Ukitaka kuwafikia wakiwa wametawanyika kwenye madau na mashamba ya minazi, utazunguka mwezi mzima.

Lakini daftari hilo hilo la mahudhurio tumeligeuza fimbo. Asiyekuwepo ni mtoro, na mtoro ana adhabu yake. Kwa hiyo mtoto anakuja na homa yake, macho yamevimba, kwa sababu anamwogopa mwalimu wa zamu kuliko ugonjwa.

Nilikuwa shule moja hapa kisiwani, siku hizo za macho mekundu. Akaja bibi mmoja, amemshika mjukuu mkono, mtoto kajifunika khanga usoni.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu macho hayafunguki. Nikikaa naye siku tatu, hamtamwandika mtoro?"

Mwalimu akalitazama daftari, akamtazama mtoto. "Hilo, bibi, labda umuulize mkuu wa shule."

Mkuu alikuwa kikaoni. Bibi alisubiri kidogo, kisha akamsukuma mtoto taratibu kuelekea darasani, akaondoka.