Jiko la Walimwengu: Mahindi na Chokaa Katika Nchi ya Oaxaca

Ndugu msomaji, lugha yetu imeyapa mahindi jina lenye harufu ya Uhindi, kana kwamba yalishushwa pwani na jahazi litokalo Bombay. Asili yake si huko. Mmea huu ulitokana na nyasi pori ya Meksiko, ambayo wakulima wa kale waliitunza na kuichagua mbegu kwa mbegu tangu miaka ipatayo 9,000 iliyopita, hata ikazaa gunzi nene tunalolijua leo. Wareno ndio walioueneza katika pwani za Afrika tangu karne ya 16.

Wiki hii safu yetu inakuchukua hadi nyumbani kwao mahindi, katika jimbo la Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Jina huandikwa hivyo, lakini wenyeji hulitamka Wahaka. Tutakula, tutatembea magulioni, tutaona jinsi watu wa huko wanavyosaidiana. Zaidi ya hayo, tutatazama jambo moja ambalo mahindi yaliliacha nyuma yalipopanda merikebu. Jambo hilo limegharimu roho za watu wengi, na kila nyumba inayokula ugali mchana na usiku ina haki ya kulijua.

Mji wa Oaxaca uko mwendo wa kilomita zipatazo 460 kutoka mji mkuu wa Meksiko, katika bonde lililozungukwa na milima. Jimbo zima lina manispaa 570, nyingi zikiwa ni vijiji tu, na makabila yake ya asili ni 16, makubwa yakiwa ni Wazapoteki na Wamisteki. Juu ya kilima kilicho karibu na mji pana magofu ya Monte Albán, mji wa Wazapoteki ulioanzishwa miaka kama 500 kabla ya Kristo. Mbali kidogo, upande wa Mitla, liko pango liitwalo Guilá Naquitz. Humo yalipatikana magunzi ya mahindi yenye umri wa miaka ipatayo 6,250, na urefu wake hauzidi kidole cha mtu. Anayelalamika kwamba mahindi yake ya mwaka huu ni madogo angefarijika akiyaona.

Lakini safari ya kwenda kula Oaxaca haianzi kilimani. Huanza alfajiri, jikoni, penye chungu cha mahindi yaliyolala usiku kucha. Jioni ya jana yake mama mwenye nyumba amechukua punje kavu, akazitia katika maji pamoja na chokaa kidogo, akazichemsha mpaka ganda la punje likaanza kuvuka likiguswa kwa kidole. Kisha ameepua, amefunika, akaacha. Asubuhi maji yamegeuka rangi ya manjano na punje zimevimba. Mama huzisugua kwa mikono, humwaga maji pamoja na maganda, huosha tena. Mahindi yaliyofanyiwa hivyo huitwa nishtamali, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Husagwa yakiwa bado na majimaji, yakawa donge laini. Donge hilo hubanwa kuwa duara jembamba na kuokwa juu ya kaango la udongo lisilotiwa mafuta. Hiyo ndiyo tortila, ambayo kwao ni mkate, sahani na kijiko kwa pamoja. Jaribu kufinyanga donge la namna hiyo kwa unga wetu wa sembe na maji baridi, utaona jinsi linavyopasuka. Chokaa ndiyo inayolishikamanisha.

Zamani kazi ya kusaga ilifanywa juu ya metate, yaani jiwe lenye miguu mitatu, mwanamke akiwa amepiga magoti kwa saa nyingi kila siku. Wageni hupenda sana kulipiga picha jiwe hilo. Kwa maoni ya safu hii, mashine ya kusaga ya kijijini, ambayo ilimwinua mwanamke kutoka magotini, ndiyo iliyostahili kupigwa picha kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ndani ya punje ya mahindi mna vitamini iitwayo niasini, lakini sehemu kubwa yake imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Wahispania walipoyapeleka mahindi Ulaya walichukua punje, maarifa ya jikoni yakabaki. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliuchunguza ugonjwa uliowapata maskini wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, ambao chakula chao kilikuwa mahindi karibu peke yake. Ngozi huiva na kubambuka mahali panapopigwa na jua, hasa mikononi na shingoni, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mgonjwa asipotibiwa hufa. Ugonjwa huo ni pelagra. Uliwatesa wakulima wa Italia ya kaskazini, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua maelfu katika majimbo ya kusini ya Marekani. Tangu mwaka 1914 Daktari Joseph Goldberger alifanya kazi ya kuonyesha kwamba hauambukizi, bali huletwa na chakula duni, na wakubwa wengi hawakupenda kusikia hivyo. Niasini ilikuja kutambuliwa kuwa dawa yake mwaka 1937. Miaka mia mbili ilipita tangu daktari wa Asturias kutazama wagonjwa wake, na siku zote hizo jibu lilikuwa likichemka katika vyungu vya Oaxaca.

Wala hizi si habari za ng'ambo tu. Mwaka 1990, katika makambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, maelfu ya watu walipatwa na pelagra. Posho yao ilikuwa mahindi, na karanga, ambazo zina niasini nyingi, zilikuwa zimekosekana. Askari anaijua maana ya posho. Karani akikata kitu kimoja katika orodha, mwili wa mtu fulani ndio utakaoijaza nafasi hiyo.

Je, akina mama wa kambini na wa kota za polisi waanze kutia chokaa katika mahindi? Hapana haja ya kukimbilia huko. Familia inayokula ugali pamoja na maharage, karanga, samaki, nyama au maziwa haina sababu ya kuiogopa pelagra. Ugali na chumvi, au ugali na mboga kidogo siku nenda siku rudi, huo ndio wenye hatari. Anayetaka kujaribu kwa hamu ya mapishi na atafute chokaa safi iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, kiasi cha gramu 10 kwa kilo moja ya mahindi, na aoshe punje vizuri baada ya kuziloweka. Chokaa ya kupakia nyumba au ya kujengea isitiwe chunguni kabisa, maana yaweza kuwa na uchafu wenye sumu. Na mama anayetia magadi kidogo katika kande ili ziive upesi amekaribia desturi ya wenzake wa Oaxaca, ingawa magadi si chokaa.

Haya, njaa imeuma, twende sokoni. Katikati ya mji pana soko linaloitwa kwa jina la tarehe 20 Novemba, siku ya kuanza kwa mapinduzi ya Meksiko ya mwaka 1910. Ndani yake mna ujia mmoja uliojaa moshi, wachoma nyama wakiwa huku na huku. Mteja huchagua nyama mbichi, ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba au ya nguruwe iliyopakwa pilipili, ikapimwa na kuwekwa juu ya makaa mbele ya macho yake. Nje, jioni, huuzwa tlayuda: tortila kubwa kama sinia dogo, kavu kidogo, iliyopakwa mafuta na maharage yaliyopondwa, ikatiwa jibini nyeupe inayochanwa nyuzinyuzi. Pembeni kuna mwanamke mwenye beseni la panzi waliokaangwa kwa vitunguu saumu, chumvi na ndimu. Watalii wengine huwakimbia. Mtu wa Bukoba au wa Buganda aliyelelewa kwa senene hatakuwa na haja ya kushawishiwa, ataomba aongezewe.

Vijiji vya bondeni vina magulio yenye siku zake: Etla ni Jumatano, Zaachila Alhamisi, Ocotlán Ijumaa, na Jumapili ni Tlacolula, ambalo ndilo mashuhuri zaidi. Huko ndiko pa kunywea tejate, kinywaji cha nishtamali, kakao na mbegu za matunda, kinachokandwa kwa mkono mpaka povu jeupe likapanda juu, kisha kikatekwa kwa kibuyu kilichopakwa rangi. Huuzwa pia mezcal, pombe kali itokanayo na mimea ya jamaa moja na mkonge, ambayo kiini chake huokwa ndani ya shimo lenye mawe ya moto. Mkonge wetu nao ni ndugu wa huko: ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893 asili yake ni Yucatán, Meksiko hiyo hiyo.

Chakula cha heshima, cha harusi na matanga, ni mole. Neno hilo katika Kinahuatl maana yake ni mchuzi tu. Husemwa kwamba Oaxaca ina mole saba, na mkubwa wao ni mole mweusi. Pilipili kavu za aina kadhaa hutolewa mbegu na kukaangwa mpaka ziwe nyeusi, na mbegu zake huchomwa mpaka zikawa kama makaa. Kazi hii hufanywa uani, maana moshi wake unaweza kuwatoa watu machozi hata nyumba ya pili. Kisha huja ufuta, karanga, lozi, zabibu kavu, ndizi za kukaanga, nyanya, vitunguu, mkate mkavu, mdalasini, pilipili manga, karafuu, na mwisho chokoleti. Vitu hivyo mara nyingi huzidi 20. Vyote husagwa, vikakaangwa, vikalainishwa kwa supu ya kuku au bata mzinga, na kukorogwa kwa saa nyingi bila kuachwa kushika chini. Mtu asidhani kwamba ni mchuzi mtamu kwa sababu una chokoleti. Ladha yake ni nzito, ya kuungua kidogo, na pilipili huja baadaye. Mdalasini na karafuu si mazao ya asili ya Meksiko. Merikebu za Hispania zilizosafiri baina ya Manila na Acapulco tangu 1565 hadi 1815 zilibeba viungo vya mashariki, na mpishi wa Pemba angeitambua karafuu katika mole kwa kijiko cha kwanza.

Huwezi kupika chungu cha namna hiyo peke yako, na hapo ndipo tunapogusa desturi yao iitwayo guelaguetza. Watalii hulijua neno hilo kama sherehe ya ngoma inayofanywa mjini katika Jumatatu mbili za nusu ya pili ya Julai. Ni sherehe nzuri, lakini maana ya asili ndiyo inayopendeza zaidi. Katika kijiji kama Teotitlán del Valle, penye wafumaji wa Kizapoteki wanaotia nyuzi rangi nyekundu itokanayo na kidudu kinachokaa juu ya mpungate, familia ikitaka kuoza mtoto majirani huleta mahindi, kakao, bata mzinga. Kila kitu huandikwa katika daftari: nani, nini, kiasi gani, bata mzinga hupimwa uzito. Siku ya aliyeleta ikifika, hurudishiwa kilekile kwa uzito uleule, hata kama imepita miaka mingi na mwenye deni ni mtoto wa aliyepokea. Sisi wenye kadi za michango ya harusi tunaweza kuuliza, kwa utaratibu tu, daftari letu liko wapi.

Desturi hiyo imejaribiwa sana. Tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria wa Amerika ya Kaskazini ulianza kazi, na mahindi ya Marekani, yanayolimwa na wakulima wenye ruzuku ya serikali, yakaingia Meksiko kwa wingi. Bei aliyolipwa mkulima mdogo ilishuka. Uhamaji wa watu wa Oaxaca, uliokuwapo tangu zamani, ukazidi. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ndani ya mbegu za asili katika milima ya Sierra Juárez. Ubishi wa wataalamu ulikuwa mkali, lakini wanakijiji waliona kwamba mbegu ya babu zao imeguswa bila wao kuulizwa. Machi 2025 Meksiko iliandika katika katiba yake kwamba mahindi yanayopandwa nchini yasiwe ya namna hiyo.

Waliohama wengi wako California. Vijijini kwao bado majina yao yamo katika zamu za kazi za ujima, na asiyeweza kurudi hutuma fedha ili mwingine amshikie zamu yake. Nyumbani nao hutuma vifurushi kwenda Los Angeles: tlayuda zilizopangwa kama sahani, mole iliyokaushwa ikawa donge gumu, panzi katika mfuko, na kipande cha chokoleti kwa ajili ya wajukuu.