Ahero: Sheria pekee haiondoi dhana potovu

Kila joto la siasa linapopanda, wasafiri huiogopa Ahero. Mji huo, inapochepuka barabara ya Kisii kutoka ile ya Nairobi na Kisumu, umepachikwa sifa ya ngome ya warusha mawe.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa kote nchini, ziliipa dhana hiyo mizizi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 iliharamisha matamshi ya chuki. Hata hivyo, sheria hufunga mdomo tu, haifungui moyo.

Wakulima wa mpunga katika mradi wa unyunyiziaji maji ulioanzishwa 1969 huhitaji wanunuzi kutoka kaunti nyingine na hata Uganda. Mgeni anayeamkua kwa "oyawore", akala ugali na samaki bila kukunja uso, hapati shida sokoni.

Lakini mzigo si wa mgeni pekee. Mwaka 2008, vizuizi barabarani sehemu nyingi nchini vilidai vitambulisho ili kabila la msafiri lijulikane. Kizuizi kimoja cha aina hiyo hubomoa ujirani uliojengwa kwa miaka mingi ya biashara.