Mtambo wa CD: Bei Si Sauti

Siku hizi kuna mitambo ya CD ghali kuliko samani zote za sebuleni. Je, sauti yake yalingana na bei? Rai yetu ni kwamba mara nyingi hailingani.

Mwaka 1982 Sony ya Japani ilitoa CDP-101, na Philips ya Uholanzi ikatoa CD100. Sony walitumia kigeuza-sauti cha biti 16. Philips wakatumia cha biti 14, lakini chenye kasi mara nne. Njia mbili mbali, na tofauti ya sauti ikawa haba.

Sababu ni kwamba CD hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, navyo vyatosha sikio la binadamu. Mtambo wa kadiri, ukiwa mzima, huvisoma vyote. Anayesikiliza taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975 katika CD ya Zanzibara 2, iliyotolewa Ufaransa, asidhani fedha zitamwongezea mlio wa udi usionaswa siku ile.

Zinazotofautiana hasa ni spika, na chumba chenyewe. Sakafu tupu hurudisha mwangwi, maneno ya mwimbaji yakavurugika. Zulia na mapazia mazito huutuliza.

Basi, wasomaji, kabla ya kulipa sikilizeni CD mnayoijua katika mitambo miwili, kwa kiwango kimoja cha sauti, maana wenye sauti kubwa kidogo hudhaniwa bora. Msiposikia tofauti, chukueni wa rahisi, na fedha zilizobaki zinunue spika. Mali bila daftari huisha bila habari.