Mama aliniuliza mbio zitamlisha nini

Haya wadau, nimerudi kampasi. Najua blogu ilikuwa imeota majani. Wiki zote hizi nilikuwa BTP nyumbani Sumbawanga, na wale mliokuwa mnanitumia ujumbe kuuliza kama nimeolewa huko, jibu ni hapana, nilikuwa nasahihisha madaftari. Baridi ya Ufipa mwezi wa saba hamuijui nyie wa Dar. Kipindi cha kwanza unaandika ubaoni huku vidole huvisikii, ukigeuka unakuta darasa zima limekunja mikono ndani ya masweta, hakuna hata mmoja anayetaka kushika kalamu.

Ila leo sitaki kulia baridi. Nataka kuongelea Filbert Bayi, na ili nifike kwa Bayi inabidi nianze na binti mmoja wa kidato cha pili.

Shule niliyokuwepo (jina naliacha) mchelewaji adhabu yake ni kuzunguka uwanja mara tano. Binti huyu kwao ni mbali, anachelewa karibu kila siku, kwa hiyo anakimbia karibu kila siku. Asubuhi moja nikiwa zamu nikasimama kuwaangalia. Walikuwa kama kumi na watano. Wengine wote wanakokota miguu kama wanapelekwa gerezani, yeye kawapita, kawazunguka tena, kamaliza, kachukua fagio kaenda zake kufagia. Hata hahemi! Nikamwita nikamuuliza anafanya mazoezi wapi. Akanitazama kama nimemtania.

"Madam, mi nachelewa tu."

Jumamosi nikaenda kwao. Mama yake alikuwa anachambua maharage uani, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilijieleza vizuri tu, kipaji, michezo ya UMISSETA, sijui nini na nini. Nilipomaliza akasema, "Nimekuelewa mwalimu. Sasa hizo mbio zitamlisha nini? Akifika miaka thelathini miguu imechoka, cheti hana, nani atamchukua?"

Nikababaisha kitu hapo. Sikumbuki hata nilisema nini. Nimekaa darasani miaka miwili nasoma saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia, halafu swali moja la mama mwenye ungo wa maharage limenifunga mdomo. Njia nzima ya kurudi, kwenye basi mpaka Tunduma, nilikuwa namjibu kichwani.

Jibu lenyewe ni Bayi. Nadhani wengi wetu tunamjua nusu tu.

Nusu tunayoijua ni hii. Kijana wa Karatu, kazaliwa 1953, akaingia JWTZ. Januari 1973 kwenye Michezo ya Afrika kule Lagos anamshinda Kipchoge Keino mita 1500, Keino yule yule bingwa wa Olimpiki. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya Jumuiya ya Madola. Bunduki inalia, Bayi anaondoka kama kafukuzwa na nyuki. Mita 800 za kwanza kazimaliza kwa chini ya dakika moja na sekunde 53, wenzake wako nyuma mbali kweli. Wataalamu wa mbio wote watakwambia hivyo sivyo, unakimbia katikati ya kundi, unatunza nguvu, unamaliza mwishoni. Yeye hakusubiri mtu. John Walker wa New Zealand akamkaribia mwishoni, uwanja wa nyumbani kwao unapiga kelele, na asimpate. Dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker aliyeshika nafasi ya pili naye aliipita rekodi ya zamani, fikiria!

Muda ule ulikaa kama rekodi ya Michezo ya Madola mpaka 2022 Birmingham, alipoivunja Oliver Hoare wa Australia. Miaka 48. Baba yangu mwenyewe hajafikisha hiyo miaka kwenye ndoa.

Mei 1975 kule Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0. Agosti mwaka huo huo Walker akaivunja. Dunia nzima ikawa inasubiri Montreal 1976 wakutane. Hawakukutana. New Zealand walikuwa wamepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu, nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwa mbele kabisa. Walker akabeba dhahabu. Bayi mwenyewe alikuwa pia na malaria kipindi hicho, kwa hiyo hata angeenda hatujui. Moscow 1980 ndo akapata fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, kesho yake Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5000. Siku mbili zile. Mpaka leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki, wanaume wala wanawake.

Jamaa mmoja wa kozi yetu huwa anapenda kusema zile medali ni za bahati kwa sababu Kenya na Marekani hawakwenda Moscow. Sawa kaka, hawakwenda. Na 1976 aliyekosekana alikuwa nani? Ukianza kuhesabu waliokosekana hesabu wote.

Sasa nusu ya pili, ambayo mimi naiona kubwa kuliko Christchurch (najua mtanipinga, pingeni tu). Bayi alistaafu mbio, na pamoja na mkewe akaanzisha shule. Walianzia Kimara, Dar es Salaam, na watoto wadogo, baadaye wakaenda Kibaha mkoani Pwani mpaka sekondari. Shule ya kweli kabisa yenye ada na ratiba na mitihani ya taifa, na michezo ndani yake. Huko huko akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na aliwahi kukaa kwenye baraza la riadha la dunia. Ukipiga hesabu, mbio za ushindani zilichukua kama miaka kumi ya maisha yake. Hayo mengine yamechukua zaidi ya mara tatu ya hiyo.

Nyambui naye miguu ilimpeleka chuo kikuu. Alisoma Texas, El Paso, akiwa anawakimbilia, na uzeeni (uzeeni wa mkimbiaji lakini) akashinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988, kisha akarudi kuwa katibu mkuu wa riadha hapa nyumbani.

Lakini mama yule sio mjinga. Angeniuliza, na Akhwari je? John Stephen Akhwari, aliyeanguka Mexico 1968, akamaliza marathoni anachechemea na goti limefungwa bandeji, dunia ikampigia makofi. Alirudi Mbulu kulima. Heshima anayo, na sifa, ila makofi hayalipi ada. Kwa kila Bayi kuna wakimbiaji wangapi ambao hata majina hatuyajui? Mama anamwona huyo wa mwisho, na ana haki ya kumwona, maana binti ni wake.

Ndo maana nasema tatizo sio mbio, ni jinsi sisi walimu tunavyozipeleka kwa wazazi. Tunamwambia mzazi achague, daftari au uwanja. Bayi hakuchagua. Wakati anavunja rekodi alikuwa askari mwenye ajira. Hata Alphonce Simbu, aliyetupa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025, ni mwanajeshi. Nyambui alikuwa mwanafunzi. Mtu anakimbia huku ana kitu kingine kinachokua pembeni. Hiyo ndo sehemu ningemwambia mama, kwamba simwombi binti aache mtihani wa kidato cha pili, naomba saa moja, siku tatu kwa wiki, basi. Na sisi tuache kutumia mbio kama fimbo. Mtoto anayekimbizwa kila akikosea atazipendaje? Kipindi cha michezo nacho kiko kwenye ratiba, lakini pale nilipokuwa kilikuwa kinaliwa na hisabati. Na mimi nilikila mara mbili, nakiri.

Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, watoto wanapanda na kushuka vilima vya Mbizi na ndoo kichwani. Uwanja wa Nelson Mandela upo. Sijui tunasubiri nini. Au tunaogopa mtoto wetu akishinda wataambiana katumia dawa ya Sumbawanga, hahaha. Acha waseme.

Kabla sijaondoka niliongea na mwalimu mmoja kijana pale, tukakubaliana binti aanze kuhesabiwa muda wake kwa saa ya simu. Jana kanitumia ujumbe. Kasema mama karuhusu Jumatano tu, na kwa sharti binti aache kuchelewa. Sasa hapo ndo nimecheka peke yangu kitandani, maana asipochelewa hizo siku nyingine atakimbia saa ngapi?

Mwenye jibu aandike hapo chini. Mi nina lekcha saa mbili.